Sapu ya Vigeu Vingi

Matokeo niliyaona nikiwa shambani kwetu Miteja, nimesimama juu ya kichuguu, kwa sababu pale tu ndipo simu yangu ilipokuwa inashika mtandao. Mama alikuwa jirani na pale, anapalilia ufuta. Ukurasa ulifunguka kwa kuvutavuta, somo moja baada ya jingine, na kila lililojitokeza nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Michoro, nimepita. Mekanika, nimepita. Vifaa vya ujenzi, nimepita. La mwisho lilikuwa kalkulasi ya vigeu vingi, na hilo nilikuwa nimeanguka. Nilitakiwa kurudia mtihani, ule ambao wanafunzi tunauita sapu, wiki ya kwanza chuo kikifungua.

Nilikaa chini palepale juu ya kichuguu.

"Vipi?" mama akauliza, mgongo ameuinamisha bado.

"Yamepita. Kuna moja limebaki."

"Limebaki wapi?"

"Hisabati, mama. Nitalifanya tena tukifungua."

Akajinyoosha, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Si utalifanya? Basi." Akarudi kwenye jembe lake.

Jioni, jikoni, ndipo aliponiuliza vizuri. Nikamweleza kwamba wastani wangu ulikuwa mwembamba mno, na kwamba nikianguka na kwenye sapu, chuo kitaniondoa. Alikuwa anasonga ugali. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Baba yako usimwambie kwanza," alisema. "Msikitini wote wanamwita baba injinia."

Hilo liliniogopesha kuliko matokeo yenyewe. Sikuwa nimejua kwamba jina limeshafika msikitini.

Hofu yangu ya somo lile ilianza siku ya kwanza kabisa. Kidato cha sita kalkulasi haikunisumbua. Kule kigeu kilikuwa kimoja: hiki kinasogea, kile kinafuata, na mchoro ni mstari ambao unaweza kuufuata kwa kidole. Chuoni mwalimu aliingia, mtu mpole wa sauti ya chini, akachora mistari mitatu iliyokutana kwenye pembe, akasema leo tunatoka kwenye karatasi. Juu yake akachora kitu kama shuka linalopepea, akasema huu ni uso, tutauliza unapanda wapi na unashuka wapi. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa. Mimi niliona mistari iliyovurugana. Nilikodoa macho, nikainamisha shingo upande huu na upande ule, uso wenyewe haukutokea. Tangu siku hiyo niliamini kwamba ndani ya vichwa vya wenzangu kuna chumba ambacho kwangu hakikujengwa, na kwamba siku moja mtu atagundua.

Mwalimu angekuwa mkali ningepata wa kumlaumu. Lakini alikuwa anauliza, "Tuko pamoja?" kwa upole kabisa, nami nilikuwa naitikia pamoja na wengine, mikono imelowa jasho chini ya meza. Mtihani ulipofika na nikaona zile alama za intigro, za kujumlisha vipande vidogovidogo, mbili mbili, ndefu na zilizopinda kama ndoana, mkono ulikataa kuandika. Nilikaa nazitazama mpaka karatasi zikakusanywa.

Aliyeniokoa, au niliyedhani ananiokoa, ni msichana mwenzangu wa chumbani hosteli. Yeye ni mtoto wa Lindi mjini. Wazazi wake ni Wamakonde walioshuka kutoka Newala kabla hajazaliwa, wakafungua duka la ndoo na mabeseni ya plastiki karibu na soko. Ndiye aliyekuwa akifundisha nusu ya darasa letu. Wavulana walikuwa wanamfuata kantini na karatasi zao. Ajabu ni kwamba na yeye alipata sapu ya somo hilohilo. Aliniambia alikuwa na homa siku ya mtihani, nikaamini, kwa sababu hapakuwa na maelezo mengine ya maana.

"Njoo kwetu," alisema kwenye simu. "Huko shambani utasoma na nani? Njoo, tutasafiri pamoja kwenda chuo."

Nikaenda. Mama yake alinipokea kama mtoto aliyepotea. "Marahaba mwanangu, ingia, mbona umekonda hivyo? Huko chuoni mnalishwa karatasi?" Kila mchana alitupikia ugali wa muhogo na pweza wa nazi, na kila mchana mvua ilinyesha. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Tulisomea barazani, kwenye sakafu ya saruji, kwa sababu mwenzangu alipenda kuchora kwa mkaa palipo na nafasi.

Kilichokuwa kinanishinda zaidi ni mipaka. Unapewa eneo, labda limezungukwa na mstari ulionyooka na mwingine uliopinda, unaambiwa uandike intigro yake, halafu uigeuze: uliyeanza kwa kupanda na kushuka, sasa uanze kwa kwenda kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nakariri mifano. Ukibadilishwa kidogo tu, nimepotea.

Siku moja alichora eneo kubwa kama mkeka, akanishika mkono.

"Vua ndala. Ingia."

"Niingie wapi?"

"Ndani ya eneo. Simama hapo. Haya, tembea kwenda juu. Umegonga nini?"

"Mstari ulionyooka."

"Rudi chini mpaka ugonge tena."

"Huu uliopinda."

"Hiyo ndiyo mipaka yako, hakuna kingine. Sasa geuka ubavu. Nenda kulia, gonga. Rudi kushoto, gonga. Umeshaigeuza."

Nilisimama pale, nyayo nyeusi kwa mkaa, mvua inapiga bati, nikaliona. Siyo kwamba nilikumbuka mfano, niliona. Mama yake alipita na beseni kichwani akatucheka, watu wazima wanarukaruka kama watoto wanaocheza rede.

Ningetegemea kufurahi. Badala yake usiku huo niliogopa kuliko siku zote. Zamani nilikuwa naogopa kushindwa kitu nisichokijua. Sasa nilikuwa nimeanza kukijua, na nikishindwa, sitakuwa na pa kujificha.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Tuliondoka Lindi Jumamosi kwa basi la alfajiri, tukijua barabara si nzuri. Tulipita Mchinga, tukapita Kiranjeranje, watu wamelala vinywa wazi, na mbele kidogo basi likapunguza mwendo likasimama nyuma ya malori. Kondakta alishuka, akarudi suruali ameikunja mpaka magotini.

"Barabara imeliwa na maji. Upande wa pili yapo mabasi yanasubiri. Anayetaka kuendelea atavuka kwa miguu. Asiyetaka, tunarudi Lindi."

Tukashuka. Pale bondeni ambapo siku zote ni kijito cha kurukwa na mbuzi, yalikuwa yanapita maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yenye magogo. Kalavati, lile daraja dogo la zege, lilikuwa limebaki limesimama, lakini tuta la udongo pande zake zote mbili lilikuwa limechukuliwa, na lami imening'inia kama ulimi. Vijana wa kijijini walikuwa wamefunga kamba nene kutoka mkorosho wa huku mpaka nguzo ya kule.

Ukingoni palikuwa na mhandisi. Nilimjua kwa kofia ngumu na kizibao kinachong'aa. Nilitarajia mtu mzima, lakini alikuwa kijana, labda amenizidi miaka michache. Alikuwa anachomeka fimbo yenye alama ndani ya maji, anasoma, anasubiri, anachomeka tena. Watu walimzunguka wanapiga kelele.

"Turuhusu! Maji yameshashuka!"

"Nina mgonjwa mimi!"

"Subirini," alikuwa anajibu. "Naomba msubiri. Nikiona yanashuka mfululizo nitawaambia."

Nilijisogeza karibu naye, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona mtu aliyekwisha kuvuka upande ule ambako hofu imekwisha. Nikamsalimu, nikamwambia nasoma ujenzi, mwaka wa kwanza.

Hakunitazama. "Mwaka wa kwanza," alisema. "Sawa." Akachomeka fimbo tena, akasoma alama ileile mara mbili.

"Unaona yule bibi mwenye mtandio wa kijani?" aliniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Nikisema vukeni, atavuka na yeye. Akichukuliwa, ni mimi niliyesema. Nikisema subirini, na yule mgonjwa akafia hapa, ni mimi pia. Hapa hakuna wa kumuuliza. Simu haishiki."

Nilirudi kwa mwenzangu. Mpaka siku ile nilikuwa nawaza kufaulu tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukifaulu unapewa bonde, na maji, na bibi mwenye mtandio wa kijani.

Baadaye sana mhandisi alichomoa fimbo, akainua mkono. "Kumi kumi. Mshike kamba kwa mikono miwili. Watoto wabebwe. Mpite juu ya kalavati, msikanyage pembeni."

Watu wakaanza kushuka. Nikajifunga kanga ya mama kiunoni, nikapandisha begi kichwani, nikalifunga kwa mtandio kidevuni ili mikono ibaki huru. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa amesimama palepale.

"Twende," nikamwambia.

"Sivuki."

"Maji ni ya kiunoni tu. Tazama, bibi yule ameshafika katikati."

"Siwezi kuogelea. Sivuki. Nenda."

"Hata mimi siwezi! Mimi ni mtu wa shamba. Ukibaki utakosa mtihani."

"Nitakuja kesho yakipungua. Mtihani ni keshokutwa." Alikuwa amejikumbatia, midomo imempauka. "Nenda bwana, wanakuita."

Walikuwa wananiita kweli. Kundi langu lilikuwa limeshika kamba, na kijana mmoja ananipigia ukelele nisiwacheleweshe. Nilisimama katikati ya watu wale na yeye, nikahesabu kichwani nini kitatokea nikibaki. Chuo kitaniondoa. Baba ataingiaje msikitini? Kwa mwenzangu, mwenye wastani mzuri, kukosa sapu kulimaanisha kulibeba somo mpaka mwaka unaofuata, basi. Nikamwacha.

Maji yalikuwa baridi, na mazito kuliko nilivyodhani. Hayakunisukuma mara moja. Yaliniegemea tu, bila kuchoka, kama mtu mzima anayekuegemea kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mnene aliyekuwa anasoma dua kwa sauti, na mimi nilikuwa naitikia amina bila kusikia dua yenyewe. Tulipotoka juu ya kalavati kuingia upande wa pili, mguu wangu wa kulia ulitafuta ardhi ukaikosa. Nikazama mpaka kifuani. Kamba ilinichuna viganja. Nilipiga kelele, sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, na mama yule mnene akaachia mkono mmoja, akanikamata shingoni kwenye gauni kama unavyomkamata kuku, akanivuta.

"Usitazame maji!" alinifokea. "Nitazame mimi kisogoni!"

Nikamtazama kisogoni mpaka tukafika.

Ng'ambo nilitapika kwenye majani. Nilipoinua uso, nilimwona mwenzangu kule, mdogo, amesimama karibu na mhandisi. Nikampungia. Alinipungia, halafu akageuka akaenda kwenye basi la kurudi Lindi, hakutazama tena nyuma.

Basi la ng'ambo lilipita Miteja alasiri. Mama alikuwa amenisubiri barabarani na kifurushi cha chakula. Aliponiona dirishani nimelowa mpaka nywele, alipanda ngazi za mlangoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimevuka, mama."

Alivua kanga yake ya juu, kavu, akanitupia, akashuka. Dereva hakusubiri.

Jumapili mvua ilirudi, kubwa kuliko ya Jumamosi. Simu ya mwenzangu haikupatikana siku nzima.

Chumba cha sapu ni kidogo. Watu wanaingia bila kusalimiana, kama wanaoingia kupima damu. Niliketi karibu na ukuta. Kiti cha mbele yangu kilikuwa na kikaratasi chenye namba yake ya usajili, na hakuna aliyekuja kukikalia. Nilifungua karatasi, na swali la kwanza likanipiga usoni: intigro mbili, igeuze mipaka. Mkono ukaganda, uleule mgando wa mwanzo. Nilitaka kuinuka nitoke. Kilichonizuia ni aibu tu, kwamba nitoke halafu niseme nilivuka maji yale kwa ajili gani.

Nikavua viatu chini ya meza. Sakafu ilikuwa baridi. Nikachora eneo, nikaanza kutembea: juu, nikagonga. Chini, nikagonga. Nikageuka ubavu. Sikumaliza maswali yote. Moja la mwisho sikuligusa kabisa. Lakini karatasi yangu safari hii ilikuwa na maandishi.

Nilifaulu kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Baba hajui mpaka leo, au anajua na amenyamaza. Mwenzangu chuo kilimwelewa, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika kweli, na somo akalibeba.

Likizo iliyofuata nilikwenda tena Lindi kumwona. Tulikaa ufukweni asubuhi na wadogo zake. Maji ya ghuba yalikuwa yametulia. Mdogo wake wa kike alitupa ndala yake kwa mchezo, ikaelea mbali. Mwenzangu akainuka, akaingia na nguo zake, akaogelea mikono mirefu, bila kelele, akaishika ndala na kurudi. Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nakitazama.

Alipokaa, hakunitazama. Maji yalikuwa yanamdondoka nyweleni.

"Nimekulia hapa," alisema. "Tangu mdogo naogelea."

"Sasa siku ile?"

"Siku ile sikuogopa maji." Akakamua kanga taratibu. "Na sikuwa na homa kwenye ule mtihani wa kwanza. Nikikaa kwenye kile kiti, kila kitu kinafutika. Kufundisha naweza, hakuna anayenipima. Lakini wakishafunga mlango, nasikia kama nakabwa. Tulipofika pale bondeni, nilimwomba Mungu yule kaka asituruhusu. Alipoinua mkono, nikajua sina budi nijifungie njia mwenyewe."

Mwaka mzima nilikuwa nimemfikiria kama mtu mwenye chumba kile ambacho mimi sina. Kumbe alikuwa anaogopa kuliko mimi, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu sote tulikuwa tunamwendea yeye.

"Mwakani nitakusindikiza," nikasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni."

Siku ya mtihani wake ilipofika tulitoka hosteli pamoja. Kwenye korido alisimama mara mbili. Mara ya pili alishika ukuta, jasho limemtoka kama mtu wa malaria, akasema, "Siwezi. Turudi." Nilikuwa na hofu kama ni mimi ninayeingia. Mimi si mtu wa maneno ya kutia moyo. Nikamwambia tu, "Hata ukikaa mle ukalia masaa yote matatu, nitakuwa hapa nje." Aliniangalia kama anapima kama nasema kweli. Msimamizi akaita. Akaingia.

Niliketi sakafuni nje ya mlango, na kipindi changu cha maji na mabomba nikakikosa. Kila aliyetoka mapema nilimuuliza kwa macho, anatikisa mabega. Alitoka wa mwisho kabisa, macho mekundu, vidole vimechafuka wino.

"Nililia kidogo," alisema. "Mwanzoni."

"Halafu?"

"Halafu nikachoka kulia, nikaanza kuandika." Akaketi kando yangu, akaegemeza kichwa ukutani. "Nina njaa mimi. Tangu jana sijala."

Tukaenda kantini tukala chipsi mayai, na yeye akaongeza sahani ya pili.